"AVERAGE": NENO LILILOTOKA BAHARINI LIKAISHIA KUTUPIMA (Sehemu ya 1 mpaka ya 8)

SEHEMU YA 1

Wale wa siku zote mnaujua utaratibu wetu: tunachukua neno moja linalotusumbua hospitali, tunalifuata mpaka lilikotoka, halafu tunarudi nalo wodini tuone linatusaidia nini. Leo ni zamu ya neno "average". Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri, sogeza chai.

Kwa Kiswahili tunasema wastani. Ni neno la hesabu, kila mtu alilisoma shule ya msingi: jumlisha vyote, gawanya kwa idadi, umemaliza. Lakini sikiliza linavyotumika kwenye Kiingereza cha kila siku, na kwenye kile Kiingereza chetu cha mjini tunachokichanganya na Kiswahili. Ukimuuliza mtu filamu ilikuwaje, anakujibu "average tu", yaani haina maajabu. Mwalimu akisema mtoto ni "average", mzazi anarudi nyumbani kanuna. Akisema yuko "below average", hapo ndiyo kabisa, mtoto ataitwa sebuleni usiku huohuo. Na mwingine akitaja "mtu wa average" anamaanisha mtu wa kawaida tu, mimi na wewe.

Kwa hiyo neno moja linafanya kazi tatu. Ni hesabu, ni jina la mtu wa kawaida, na ni tusi la kistaarabu. Kwenye filamu halina madhara. Hospitali lina madhara. Mama anasikia mtoto wake yuko chini ya average, anaanza kumpa uji akiwa na miezi mitatu. Mgonjwa anasikia wenye ugonjwa kama wake kwa average wanaishi miezi minane, anarudi kijijini kugawa shamba na dawa haji kuchukua tena.

Hao wote wameambiwa namba sahihi. Tatizo ni namna walivyoisikia. Na ili uelewe kwa nini tunaisikia vibaya, lazima tuanzie melini.

SEHEMU YA 2: MZIGO ULIOTOSWA

Kwenye Kiarabu kuna neno awar, lenye maana ya kasoro au uharibifu, hasa wa bidhaa. Wanaojua Kiarabu watakumbuka ndugu yake wa karibu, neno la kumtaja mtu mwenye jicho moja. Mzizi ni uleule. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubali kwamba wafanyabiashara wa Bahari ya Mediterania walilichukua neno hilo la Kiarabu, na kwenye bandari za Italia kama Genoa likawa avaria. Maana yake: hasara inayopatikana safarini baharini, meli au mzigo ukiharibika.

Mpaka leo Mwitaliano gari likimharibikia njiani anasema liko kwenye avaria. Mhispania naye ana averia yake, Mjerumani ana Havarie. Wote hao wamebaki na maana ya uharibifu. Mwingereza peke yake ndiye aliyelipeleka neno kwenye hesabu.

Ilikuwaje? Sikiliza.

Fikiria meli imebeba mizigo ya wafanyabiashara mbalimbali. Dhoruba inakuja, meli inaelemewa. Nahodha anaamua kutosa baadhi ya mizigo baharini ili meli ipate kuelea. Hana muda wa kuchagua, wanatosa kilicho karibu. Meli inaokoka, inafika bandarini. Sasa swali: aliyetoswa mzigo wake alie peke yake? Mali yake ndiyo iliyonunua uhai wa mali za wengine wote.

Sheria ya kale ilijibu kwamba hasara hiyo ni ya wote. Warumi waliiita sheria ya Rhodes, kwa jina la kisiwa cha Wagiriki, na imo kwenye mkusanyiko mkubwa wa sheria uliotolewa na mfalme Justinian mwaka 533. Kila mwenye mali ndani ya meli anachangia kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyokuwemo.

Tufanye mahesabu kidogo kwa shilingi. Tuseme Asha ana mzigo wa milioni 50, Juma ana wa milioni 30, na meli yenyewe ni ya milioni 20. Jumla milioni 100. Mzigo wa Juma wa milioni 10 ukatoswa. Hasara ni asilimia 10 ya mali yote iliyokuwa hatarini, basi kila mmoja anabeba asilimia 10 ya mali yake: Asha analipa milioni 5, mwenye meli analipa milioni 2, na Juma mwenyewe anabeba milioni 3. Anarudishiwa milioni 7. Ni kama mchango wa msiba, tofauti ni kwamba huu ni wa lazima na unapigiwa hesabu.

Neno hili lilifika kwenye Kiingereza mwishoni mwa karne ya 15 kupitia Kifaransa, likapachikwa mkia wa "-age" kama ule wa "damage", na Waingereza wakaita hasara hiyo na mgawanyo wake "average". Usidhani imekufa. Machi 2021 ile meli ya Ever Given iliponasa kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita, mwenye meli alitangaza "general average". Maana yake wenye mizigo kwenye makontena zaidi ya 18,000 walitakiwa kuweka dhamana ya kuchangia gharama za kuinasua kabla ya kukabidhiwa mali zao. Ni sheria ileile ya kutosa mzigo, na hata leo wapo wataalamu wa bima ambao kazi yao ni kupiga hesabu hiyo tu.

Kwa hiyo shika hili, tutalirudia: "average" ya kwanza ilikuwa ya watu walio kwenye chombo kimoja wanaobebeana hasara. Hakuna aliyepimwa pale kuwa ni bora au dhaifu.

SEHEMU YA 3: KUTOKA HASARA MPAKA NAMBA

Ukizoea kugawanya hasara kwa haki kila siku bandarini, taratibu neno la kugawanya hasara linakuwa neno la kugawanya chochote. Kufikia karne ya 18 Waingereza walikuwa wanasema "average" wakimaanisha hesabu yenyewe: chukua vitu visivyolingana, visawazishe, pata kiwango kimoja.

Hesabu hiyo ilikuja kupendwa sana na watu wa nyota. Mtaalamu anapima nyota ilipo, leo anapata namba hii, kesho anapata nyingine kidogo, kwa sababu mkono umetikisika au kioo kina ukungu. Aamini kipimo kipi? Wengine walichagua kile kimoja walichokipima kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1755 mwanahisabati Mwingereza, Thomas Simpson, aliandika kuwatetea waliokuwa wanachukua wastani wa vipimo vingi. Hoja yake, kwa lugha yetu: makosa ya huku na ya kule yanafutana, na wastani unasogea karibu na ukweli.

Sisi manesi tunalijua hili bila kusoma nyota. Presha ya mgonjwa aliyepanda ngazi haraka huiamini mara moja. Unamwacha apumzike, unapima tena na tena, ndipo unapata picha.

Lakini angalia vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtego ulipo. Nyota ni moja. Ipo mahali pamoja. Vipimo vikipishana, vinavyokosea ni vipimo. Nyota haina kosa. Hesabu ile ilikuwa sahihi kabisa kwa nyota.

Sasa akatokea mtu akaihamishia kwa binadamu.

SEHEMU YA 4: MTU WA WASTANI ANAZALIWA

Jina lake Adolphe Quetelet, Mbelgiji, alizaliwa mwaka 1796 mjini Ghent. Alikuwa mtu wa nyota na hesabu, ndiye aliyehangaikia kujengwa kwa kituo cha kuangalia nyota mjini Brussels. Wakati ule serikali za Ulaya zilikuwa zimeanza kukusanya takwimu za kila kitu: vizazi, vifo, ndoa, wahalifu, urefu wa wanajeshi. Quetelet akaziangalia zile takwimu kwa jicho la mtu wa nyota.

Mfano wake maarufu ni wa wanajeshi wa Uskoti. Alikuta vipimo vya vifua vya wanajeshi zaidi ya 5,700, akavipanga. Wengi walikuwa karibu na inchi 40, halafu wanapungua taratibu kwenda juu na kwenda chini. Akaona umbo lilelile linalojitokeza ukipima nyota moja mara nyingi! Akajenga hoja kwamba ni kana kwamba maumbile yalikusudia kifua kimoja kamili, na wale wanajeshi wote ni majaribio yaliyokosea kidogo huku na kule.

Unaona alichofanya? Kwenye nyota, kupishana ni kosa la kipimo. Yeye akafanya kupishana kwa watu kuwe kosa la mtu.

Mwaka 1835 alitoa kitabu kikubwa kuhusu binadamu, na humo akamleta "mtu wa wastani". Huyo kwake alikuwa mfano wa uzuri na ukamilifu, na aliandika kwamba anayetofautiana na maumbile yake ana kasoro au ugonjwa. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1842, na huko mtu huyo akaitwa "the average man". Neno lililoanza kwa kutaja kasoro ya bidhaa sasa lilitumika kuonyesha nani ana kasoro.

Sitaki umchukie Quetelet. Alifanya mambo ya maana sana. Bila takwimu za namna ile tusingejua kata ipi ina vifo vingi vya watoto, wala dawa ngapi za kuagiza. Na hata wewe umepimwa na kazi yake. Ile hesabu ya uzito wako kugawanya kwa urefu wako uliozidishwa kwa urefu huohuo, inayoitwa BMI, mzizi wake ni Quetelet. Aliieleza miaka ya 1830 alipokuwa anatafuta uhusiano wa uzito na urefu kwa watu wengi. Hakuwa anatafuta nani mnene. Jina BMI lenyewe lilipendekezwa mwaka 1972 na Ancel Keys na wenzake, kwa ajili ya kuchunguza makundi makubwa ya watu.

Ndiyo maana ukipimwa kliniki, namba ile ni mwanzo wa mazungumzo. Mbeba mizigo mwenye misuli na mtu mwenye kitambi wanaweza kupata BMI ileile. Mtoa huduma mzuri atakuangalia kiuno, presha, sukari, na historia ya familia.

SEHEMU YA 5: NENO LINAGEUKA TUSI

Kwa Quetelet kuwa wastani kulikuwa sifa. Sasa imekuwaje leo ukiitwa average unanuna?

Anaingia Francis Galton, Mwingereza, binamu yake Charles Darwin. Galton alikuwa na akili nyingi sana na alitumia hesabu zilezile za Quetelet, ila aliitazama picha kwa upande mwingine. Yeye hakuvutiwa na watu wa katikati. Alivutiwa na wa juu: majaji wakubwa, wanasayansi, makamanda. Wa katikati kwake walikuwa watu wa hivi hivi tu.

Mwaka 1886 alichapisha utafiti kuhusu urefu wa wazazi na watoto wao. Aligundua jambo la kweli kabisa: wazazi warefu mno huzaa watoto ambao kwa kawaida ni warefu lakini si kama wao, na wazazi wafupi mno huzaa watoto wanaosogea juu kidogo. Watoto wanarudi kuelekea katikati. Lakini angalia alivyokuita kule katikati kwenye kichwa cha andiko lake: "mediocrity". Kwenye Kiingereza cha leo neno hilo ni dharau, ni kama kusema "ubovu wa kuridhisha".

Galton huyohuyo mwaka 1883 alitunga neno "eugenics", ile fikra ya kutaka watu wanaoonekana bora wazaane na wanaoonekana dhaifu wasizaane. Fikra hiyo ilivuka bahari. Marekani, majimbo mengi yalipitisha sheria za kuwafunga watu uzazi kwa nguvu, kuanzia Indiana mwaka 1907, na Wanazi wa Ujerumani wakapitisha ya kwao mwaka 1933. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya hospitali. Madaktari walishika kisu na manesi walikuwepo. Nalitaja hili kwa sababu fani yangu ilikuwemo, na yote yalipata nguvu kwenye imani kwamba mstari wa katikati unaweza kukuambia thamani ya mtu.

Leo hatusemi hayo kwa sauti, ila mabaki yapo kwenye lugha. Kila mtu anataka kuwa juu ya average. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliuliza madereva wajilinganishe na wenzao kwa ustadi. Kwa Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu. Kwa Waswidi, asilimia 69. Nusu ya juu inabeba asilimia 50 tu, hao wengine wamekaa wapi? Nenda kawaulize bodaboda wa mtaani kwako, utacheka.

Kiswahili chetu kilipita njia nyingine. Wastani limetoka kwenye Kiarabu wasat, yaani katikati. Halikubeba hasara wala dharau. Mtu akisema anaishi maisha ya wastani, wengi tunasikia kitu kizuri: ana kiasi, hana makuu, hadaiwi. Ndiyo maana neno hilihili likitamkwa kwa Kiswahili halichomi, likitamkwa kwa Kiingereza linachoma. Na hospitali zetu mafaili ni ya Kiingereza.

SEHEMU YA 6: MARUBANI 4,063

Twende Marekani, mwaka 1950. Jeshi la anga lina shida. Ndege zimekuwa za kasi, na marubani wanashindwa kuzimudu vizuri, ajali ni nyingi mno. Viti na vyumba vya rubani vilikuwa vimejengwa kwa vipimo vya rubani wa wastani vilivyochukuliwa miaka ya 1920. Wakubwa wakadhani labda marubani wamekuwa wakubwa, wakaagiza wapimwe upya.

Wakapimwa marubani 4,063, na kijana mmoja aliyekuwemo kwenye kazi hiyo, Gilbert Daniels, akajiuliza swali rahisi: hivi ni wangapi kati yao ambao ni wa wastani kweli?

Akachukua vipimo 10 vinavyohusu kiti, kama urefu wa mwili, kifua, na mkono. Hakuwabana sana. Alisema ukiwa ndani ya asilimia 30 ya katikati kwenye kila kipimo, nakuhesabu wewe ni wa wastani. Akawapitia wote 4,063. Akapata wangapi?

Hakuna hata mmoja.

Mmoja ana mikono mirefu na miguu mifupi. Mwingine kifua kikubwa, kiuno chembamba. Hata alipochukua vipimo vitatu tu, waliofaa hawakufika asilimia 4. Kiti kilichotengenezwa kimfae rubani wa wastani hakikumfaa yeyote.

Jeshi halikuanza kutafuta marubani wa kufaa kiti. Liliagiza viti vinavyosogezwa mbele na nyuma, mikanda inayoongezwa na kupunguzwa. Kila ukisogeza kiti cha gari lako, unafaidi fikra hiyohiyo. Na kila nesi anayenyanyua kichwa cha kitanda ili mgonjwa apumue vizuri anajua kwamba hakuna kimo kimoja kinachowafaa wote wodini.

SEHEMU YA 7: MIEZI MINANE

Sasa turudi kwa yule mgonjwa wa sehemu ya kwanza. Lakini kwanza hesabu ndogo.

Wagonjwa 10 wamelazwa. Tisa wamekaa siku 3 kila mmoja. Wa 10 aliungua moto, amekaa siku 73. Jumla siku 100. Ripoti itasema: wastani wa kulazwa ni siku 10. Tafuta aliyekaa siku 10. Hayupo. Mmoja amewavuta wote.

Mfano mwingine. Kijiji kina watu 10, watatu wamekufa wakiwa na mwaka mmoja, saba wamefika miaka 60. Jumlisha, gawanya: wastani wa kuishi ni miaka 42. Mtu anasoma anasema, "Kumbe zamani watu walikuwa wanakufa na miaka 42!" Hakuna aliyekufa na miaka 42 pale. Uingereza karibu na mwaka 1841 wastani wa umri wa kuishi ulikuwa kama miaka 41, na wazee wa miaka 70 walikuwepo wengi tu. Kilichoushusha sana wastani ni watoto: karibu 150 katika kila 1,000 waliozaliwa hawakufikisha mwaka mmoja. Ukiisoma vibaya namba ile, utawahurumia wazee, na kumbe msiba mkubwa uko kwenye wodi ya watoto.

Kwa sababu hiyo wataalamu wana kipimo kingine, mediani: wapange watu mstari, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, umtazame aliyesimama katikati kabisa. Nusu wako kabla yake, nusu wako baada yake. Kwenye Kiingereza cha mtaani hicho nacho kinaitwa average tu, bila kubagua.

Julai 1982, Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundulika kuwa na mesothelioma ya tumboni, saratani mbaya inayohusishwa na vumbi la asbesto. Alikuwa na miaka 40. Akaenda maktaba kusoma. Machapisho yalisema: haina tiba, na mediani ya kuishi baada ya kugundulika ni miezi minane.

Mtu mwingine angesikia: "Nina miezi minane." Gould alikuwa mtu wa kazi ya takwimu, akajiuliza maswali. Miezi minane maana yake nusu wanafariki kabla ya hapo. Na ile nusu nyingine je? Waliofariki mapema wamebanana kati ya siku ya kwanza na mwezi wa nane, hawana pengine pa kwenda. Waliobaki wanaweza kusambaa mbali, mwaka, miaka mitano, hata zaidi. Ule mkia ni mrefu. Halafu akauliza: mimi nina sababu za kuwa kwenye mkia? Alikuwa bado kijana, ugonjwa ulikuwa umegundulika mapema, alikuwa na huduma nzuri, na alikuwa anaingia kwenye matibabu mapya ambayo hayakuwemo kwenye namba zile. Mwaka 1985 aliandika makala kuhusu hayo, na mpaka leo wagonjwa wa saratani wanatumiana.

Gould alifariki Mei 2002, karibu miaka 20 baadaye, kwa saratani nyingine tofauti.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaki kukuuzia matumaini ya bandia. Nusu ya wagonjwa wale walifariki kabla ya miezi minane. Ilikuwa kweli na inabaki kweli. Gould hakushinda namba. Aliisoma tu kwa usahihi, na usahihi ukampa nafasi ya kupanga: kujitibu, kufanya kazi, kulea wanawe. Namba ya kundi inaeleza kundi. Haijui jina lako.

SEHEMU YA 8: KADI YA KLINIKI

Tumalizie kwa mama na mtoto, kwa sababu hili ndilo ninalokutana nalo zaidi.

Kwenye kadi ya kliniki kuna mistari iliyojipinda, na mmoja uko katikati. Mistari hiyo inatokana na kazi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2006. Walipimwa watoto kama 8,500 kutoka nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wenye afya, walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara.

Ule mstari wa katikati ni mediani ya watoto hao. Rudia maana yake: nusu wako juu, nusu wako chini. Yaani nusu ya watoto wenye afya, walionyonya vizuri, wako CHINI ya mstari wa katikati, na hawana tatizo lolote. Kwa hiyo mama, ukiambiwa mtoto yuko chini ya wastani, bado hujaambiwa kwamba anaumwa, wala kwamba maziwa yako ni mepesi, wala kwamba ni wakati wa kuanza uji. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu.

Tunachoangalia sisi ni vitu viwili. Kwanza, je, yuko chini kabisa, chini ya ule mstari wa kutoa 2? Hapo lazima achunguzwe. Pili, na hili mama wengi hawaambiwi, je, mstari wake mwenyewe unakwendaje? Mtoto mwembamba anayepanda kila mwezi sambamba na mistari ya kadi anakua. Mtoto mnene aliyekuwa juu, ambaye miezi miwili sasa mstari wake umelala au unashuka, huyo ndiye anayetufanya tukuite pembeni, hata kama bado yuko juu ya wastani. Mlinganishe mtoto na alivyokuwa jana kabla hujamlinganisha na wa jirani.

Kwa hiyo kuanzia leo, ukitajiwa average hospitali, iwe ya mtoto, ya presha au ya ugonjwa mkubwa, uliza maswali matatu. Usione aibu, ni haki yako:

1. Ni wastani wa watu gani? Wanafanana na mimi kwa umri, na hatua ya ugonjwa, na matibabu?

2. Wengine walisambaa vipi? Waliopata nafuu ya juu walifika wapi, na walioumia zaidi ilikuwaje?

3. Mimi nina nini kinachonisogeza huku au kule, na kipi kati ya hivyo tunaweza kukibadilisha?

Na wenzangu wa fani, tukimaliza kutaja namba, tukae dakika mbili zaidi tumuulize mgonjwa amesikia nini. Tunapotumia wastani kupanga, tunafanya kazi nzuri ya kale: mfuko wa bima ya afya unahesabu wastani wa gharama ili mzigo wa aliyeungua siku 73 ubebwe na wote, kama ule wa Juma uliotoswa. Hapo neno limerudi kwao. Lakini kitandani mbele yetu kuna mtu mmoja, mwenye vipimo vyake, na huyo ndiye tunayemhudumia.

Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu moja moja. Na mtumie mama yeyote mwenye mtoto mchanga sehemu hii ya 8.

Wiki ijayo neno letu ni "positive": kwa nini kila mahali ni habari njema, ila maabara ni habari nyingine.